Kura Yangu kwa "Makofi Mawili"

Chumba cha nyuma kina sheria moja tu: wimbo mpya wa Tam hausikilizwi peke yako. Unaweza kutoka Ijumaa, dunia nzima ikaucheza mpaka ukachuja, sisi wanne tunaziba masikio hadi Jumamosi jioni, Berna akishafunga saluni yake. Hapo tunakaa kule nyuma kwenye viti vya kuoshea nywele, na spika inawekwa ndani ya sinki, kwa sababu Berna anadai sauti inatoka na uzito zaidi. Nilibishana naye juu ya sinki hilo miaka saba. Siku hizi namwachia.

Jumamosi ile ya Januari nilifika wa kwanza. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Wenzangu walikuwa wanakuja kusikia wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Mimi nilikuwa naujua tangu Septemba. Na si kuujua tu: nilikuwa mmoja wa watu waliouchagua, na nilikuwa nimetia saini kwamba sitamwambia mtu.

Naitwa Aila Pehkonen. Kazi yangu ni kupanga mabasi ya shule hapa Thunder Bay, mji wa ziwani wenye baridi kali. Saa kumi na moja alfajiri naangalia kipimajoto, naangalia barabara, kisha naamua kama watoto wa watu wataenda shule au watabaki nyumbani. Nimezoea kuwaamulia watu mambo wakiwa bado wamelala. Pengine ndiyo tabia iliyoniponza.

Wa pili kuingia alikuwa Gordie Slobodian, mgawa barua wa posta, bado na buti za kazini. Gordie ana daftari ambamo ameandika, wiki baada ya wiki, kila wimbo wa Tamsin Laroque ulishika nafasi ya ngapi kwenye chati tangu albamu ya kwanza, kalamu ya bluu ukipanda na nyekundu ukishuka. Nyuma yake akaja Rosalba Covello, mpishi wa shule mstaafu, na boksi la maandazi yetu ya mjini, yale ya kupakwa sukari ya pinki. Rosalba ana miaka sitini na tisa na anatuita sote "mwanangu", hata Gordie ambaye kichwa chake ni mvi tupu. Mwenye saluni, Bernadette Michano, alikuwa anafagia nywele za mteja wa mwisho huku akituhimiza tukae, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunamchelewesha.

Tam alikuwa amekaa kimya miaka sita. Koo lilimharibikia, akafanyiwa upasuaji, kampuni yake ya muziki ikamsubiri, ikachoka kumsubiri, na sasa ilikuwa inampa albamu moja ya kujaribu. Hilo halikuwa siri kwa shabiki yeyote. Wimbo wa kwanza ukifanya vizuri, albamu inatoka Machi na ziara inafuata. Ukianguka, ndiyo basi tena. Kwa hiyo hatukuwa tumekuja kucheza.

Berna akabonyeza simu. Makofi mawili yakalia ndani ya sinki, ukafuata mluzi, ikafuata ngoma ya kompyuta. Halafu akaingia Tam. Sauti yake ina mkwaruzo ambao tungeutambua hata ukipita ukutani kwa jirani, lakini humo walikuwa wameisugua mpaka ikawa laini kama ya mtu yeyote. Kiitikio kilikuwa kinatuambia tupige makofi, tupige mawili, kisha makofi yanapigwa. Rosalba alikuwa ameshika andazi bila kuling'ata. Akauliza hilo ni tangazo la sabuni gani, na wimbo wenyewe utaanza saa ngapi. Hakuwa anatania.

Berna akauzima kabla haujaisha. Katika miaka yote ile sijawahi kumwona akimkata Tam katikati.

Basi mjadala ukaanza, na ulikwenda mbio. Gordie alijitahidi kuutetea. Alitukumbusha kanuni ambayo sisi wenyewe tunaiimba kila siku: wimbo mzuri hautangulii. Albamu ya kwanza ilianza na wimbo wa kawaida, wa pili ndio uliomtoa Tam. Albamu ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu wakajifanya wajanja, wakatanguliza wimbo bora kuliko zote, nao ukamezwa wiki ileile na nyimbo za watu wakubwa. Redio hazikuwa zimefungua masikio bado. Wa kwanza ni chambo, alisema Gordie, samaki ni wa pili. Rosalba akamjibu kwamba chambo chenyewe kimeoza, na samaki naye ana pua. Akasema amepika shuleni miaka thelathini na moja, na siku ya kwanza ya muhula hakuwahi kuwapa watoto uji ulioungua eti kesho watapata biriani. Gordie akasema muziki si chakula. Rosalba akasema ndiyo maana muziki wa siku hizi hauna ladha.

Mimi nilikuwa nacheka pale wanapocheka. Nilikuwa nimevaa fulana ya ziara ya pili, ile adimu, ambayo mtandaoni watu wananiomba niwauzie. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni ingawa nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Berna hakuwa amekaa bado. Alikuwa anapangusa vioo ambavyo vilikuwa safi tayari.

"Kuna mtu aliukubali wimbo huu," akasema. "Haukujitoa wenyewe. Kuna mtu aliusikia, akaulizwa, akasema ndiyo. Huyo mtu hampendi Tam. Anaweza kuwa na fulana zake zote kabatini, lakini hampendi."

Sikuweza kumwangalia. Niliangalia sukari ya pinki kwenye andazi langu, nikamwitikia: kweli kabisa.

Ilikuwa hivi. Septemba nilipokea barua pepe kutoka kampuni ya Tam. Walikuwa wamechukua watu kumi kutoka orodha ya mashabiki wa tangu mwanzo, na mimi nilikuwa mmojawapo. Nitie saini ya kutunza siri, kisha nitapewa nyimbo mbili za kusikiliza kwa siku mbili, baada ya hapo zitafungwa. Chini kulikuwa na swali: upi utangulie? Na kisanduku kidogo cha kusema kwa nini.

Mmoja ulikuwa "Makofi Mawili". Wa pili uliitwa "Namba ya Nyumbani". Ni Tam na piano na sauti yake ileile yenye mkwaruzo, sasa ukiwa umezidi kidogo baada ya upasuaji. Mwanamke amekaa ndani ya gari, anapiga namba ya simu ya nyumba aliyokulia, nyumba ambayo imeshauzwa. Anajua hakuna mtu wake anayeishi pale. Mtu mgeni anapokea. Badala ya kukata, wanaanza kuongea, mgeni anamweleza ni chumba gani sasa kina nini. Mwisho wa kiitikio, pale ambapo sikio linangoja sauti ishuke itulie, inapanda, na kubaki juu hapo ikingoja.

Mama yangu alifariki miaka kumi na miwili iliyopita na nyumba yake ya mtaa wa Bay niliiuza mimi kwa mkono wangu. Namba yake mpaka leo vidole vyangu vinaijua. Siku hizo mbili niliusikiliza wimbo ule mara kumi na nne, nyingine nikiwa nimeegesha gari nje ya yadi ya mabasi, nikilia hadi madereva wanagonga dirisha kuuliza kama nimepata ajali.

Kisha nikajaza fomu, nikachagua "Makofi Mawili".

Nilikuwa na sababu. Nilifuata kanuni yetu: wimbo mzuri hautangulii. Nikajiona mjanja, nikaona kwamba kampuni inauliza watu kumi, na tisa kati yao ni wajinga wasiojua mambo haya, labda mimi peke yangu nitauokoa wimbo mzuri usitupwe mbele ya redio ukaliwa bure. Lakini nikisema ukweli wote, kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo. Sikutaka ule wimbo uwe wa kila mtu bado. Nilitaka uwe wangu miezi michache zaidi. Ndani ya kile kisanduku niliandika neno moja: unachangamsha.

Wiki mbili zikapita na "Makofi Mawili" ukaingia kwenye chati nafasi ya sabini na moja, wiki iliyofuata haukuwamo kabisa. Gordie alikuja na daftari lake akatuonyesha. Ule ukurasa ulikuwa na alama moja ya bluu na baada yake karatasi tupu. Hakuwa na haja hata ya kalamu nyekundu. Kampuni nayo ikatoa taarifa ya mistari miwili: tarehe ya albamu itatangazwa baadaye. Sisi tunaijua hiyo lugha. Rosalba alisema ni sawa na daktari kukuambia atakupigia.

Jumamosi ya tatu baada ya ile ya kwanza, asubuhi, nilikwenda saluni kukaa tu, kwa sababu nyumbani nilikuwa siwezi kutulia. Nilikuwa nafungua jokofu nalifunga, navaa koti nalivua. Saluni ilikuwa imejaa, wateja wawili chini ya dreya, Berna ana mikono miwili kichwani mwa mtu, na Rosalba amekuja kukatwa kama kila mwezi. Redio ilikuwa inasema Tam atahojiwa saa nne. Ilipofika saa nne Berna akazima dreya zote mbili na hakuna mteja aliyelalamika.

Mtangazaji alikuwa mpole kwake, lakini swali lilikuwa lazima liulizwe. Akauliza nani alichagua wimbo huu. Kampuni?

"Hapana," akasema Tam. "Kampuni walitaka ule mwingine. Hata mimi. Nilikuwa na wimbo mwingine ambao nilikuwa tayari kwenda nao popote. Nikasema hapana, tuwaulize watu walionibeba tangu mwanzo. Tukawatumia watu kumi. Wote kumi wakachagua huu. Si sita, si tisa. Wote kumi. Sasa mimi ni nani wa kuwabishia?"

Mtangazaji akauliza ule mwingine uko wapi.

"Nimeutoa kwenye albamu," akasema, na mkwaruzo ukasikika wazi kabisa redioni. "Niliuandika nikiwafikiria hao hao. Kama wao hawakuutaka, nitamwimbia nani?"

Kisha wakacheza "Makofi Mawili", na Berna akaizima redio kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na povu.

Sijui niseme nilihisi nini. Nikaanza kuhesabu: wote kumi. Miezi yote ile nilikuwa nimejituliza na wale tisa wajinga waliopenda makofi kwelikweli, kwamba hata bila kura yangu wangeshinda. Sasa nilikuwa nawaona wale tisa wengine, kila mmoja kwenye gari lake mahali fulani, akilia, kisha akijaza fomu kwa ujanja kama mimi. Wazo hilo halikunipunguzia kitu. Lilizidi kuniumiza.

Rosalba aliinuka na nusu ya nywele zake zikiwa zimekatwa. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisema anataka majina. Alisema watu kumi wamemfanya binti wa watu aone wimbo wake ni takataka, na wanaendelea kula na kulala, na kama mmoja wao angekuwa mjini hapa, angemwambia uso kwa uso kwamba asiguse tena kitu chochote cha Tam. Gordie alipopigiwa simu akasema ataandika barua kwa kampuni, rasmi, kudai majina yatangazwe. Jumatatu saluni ikiwa imefungwa tukutane saa nne, tutie saini wote wanne. Berna alisema sawa. Alisema pia kichwa kinamuuma, akamaliza kumkata Rosalba, na ukingo wa kushoto ukatoka mfupi kuliko wa kulia.

Naomba nieleweke. Watu wanadhani shabiki ni mtu anayependa mwimbaji. Mimi nilikuja chumba kile mwaka ambao mama alifariki. Nilikuja kukatwa nywele, Tam alikuwa anaimba ndani ya sinki, nikaanza kulia na kushindwa kuacha. Berna hakuniuliza kitu. Alifunga mlango, akageuza kibao cha "Imefungwa", akasema kaa mpaka kilio kiishe. Nilikaa mpaka saa mbili usiku. Tangu hapo Jumamosi zangu zote ziko pale. Sina watu wengine. Nikifukuzwa chumba kile, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi nitakuwa naongea na kipimajoto. Na bado, kutia saini barua ya kudai jina langu mwenyewe, mbele ya watu wale watatu, niliona siwezi. Jumapili yote nilitembea sebuleni kutoka dirishani hadi mlangoni, nikijaribu maneno. Kila yalipokaa vizuri yalikuwa uongo.

Jumatatu baridi ilikuwa kali mno, nikasimamisha mabasi yote. Kabla ya saa tatu nilikuwa sina kazi tena, na sababu zote za kuchelewa zilikuwa zimekwisha. Nikaenda saluni saa moja kabla ya wenzangu, nikagonga dirisha la nyuma.

Berna alifungua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mbona mapema hivi?"

"Nina neno nataka kukuambia kabla hawajaja."

"Litangoja," akasema. "Kaa hapo kwanza. Hizo nywele zinanitia aibu, mji mzima unajua unatengenezwa na mimi."

Nilikaa kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusimama. Akanilaza nyuma, shingo ikaingia kwenye ule ukingo wa sinki wa baridi, nikaona dari tu. Maji ya moto yakashuka. Ukiwa umelala hivyo huwezi kumwona mtu anayekuosha, na nikajiambia afadhali, nitaanza sasa hivi, nitasema lote nikiwa naangalia dari. Nikafungua mdomo.

Berna alikuwa anaimba puani. Huwa anaimba anapoosha, hajui kama anaimba, wateja wote wanajua. Sikusikiliza mara moja. Halafu ile sauti ikafika mahali ambapo ilitakiwa ishuke, ikapanda, ikabaki juu.

Nikafumba mdomo. Akarudia. Ikapanda tena, ikangoja.

"Huo wimbo umeutoa wapi?" nikauliza.

Vidole vikasimama kichwani mwangu. Maji yakaendelea kukimbia.

"Wimbo gani?"

"Huo unaouimba."

"Ah. Wa zamani. Alikuwa anauimba bibi yangu."

"Berna, bibi yako hakuwahi kupigia simu nyumba iliyouzwa."

Alifunga maji. Nikasikia tone moja moja likidondoka kwenye bomba. Kisha uso wake ukaja juu yangu, kichwa chini miguu juu, jinsi unavyoonekana ukiwa umelala pale.

"Umejuaje ni nyumba iliyouzwa?" akasema.

Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kuanzia kwenye paji la uso.

"Uliandika nini kwenye kile kisanduku?" akauliza mwishoni.

"Unachangamsha. Wewe je?"

"Unachezeka." Akacheka, na kicheko kikaharibika njiani. Akavuta kile kigoda chake cha magurudumu, akakaa nyuma ya kichwa changu ambako sikuweza tena kumwona. "Nilisema wimbo mzuri hautangulii. Nilisema hawa wengine hawajui, acha mimi nimtunzie Tam."

"Hiyo kanuni uliianzisha wewe."

"Najua niliianzisha mimi, Aila. Unadhani nimelala tangu Jumamosi?"

Nikamwambia kwamba alisema aliyechagua wimbo ule hampendi Tam, na mimi nilitembea na maneno hayo wiki tatu nzima. Akasema alikuwa anajiambia mwenyewe, mimi nilikuwa nasikiliza tu. Nikamkasirikia kwa hilo, ghafla. Wiki tatu nilikuwa nimebeba mzigo peke yangu kando ya mtu aliyekuwa amebeba uleule, na saini ya karatasi moja ndiyo iliyotuziba midomo. Nikamwambia angeweza kuniambia. Akaniuliza mimi nilimwambia nani. Shampuu ilikuwa inanishuka sikioni.

Hatukuwa tumemaliza wakati mlango wa mbele ulipogongwa. Rosalba alikuwa amevaa kofia ya kufunika ule ukingo wa kushoto, Gordie ameshika bahasha ya kaki na kalamu mbili. Walituona: mimi nimekaa na taulo kichwani, maji yananichuruzika shingoni, Berna amesimama nyuma yangu mikono imemwangukia ubavuni. Rosalba akauliza nani amefariki.

Berna ndiye aliyesema. Hakuzunguka. Alisema wale kumi, wawili wako hapa. Akaweka mkono begani mwangu alipotaja wa pili, na uzito wa mkono ule nausikia hata sasa.

Gordie alikaa chini na bahasha yake. Rosalba hakukaa. Alituangalia mmoja mmoja, muda mrefu, kama anavyoweza kuangalia mtu aliyelisha watoto elfu na anayejua nani ameiba andazi. Nikangoja aseme tusiguse tena kitu chochote cha Tam. Nilikuwa tayari kuvua fulana ya ziara niliyokuwa nimeivaa.

"Uimbeni," akasema.

Berna akamwambia tulitia saini, tunaweza kushtakiwa.

"Nitawaletea chakula gerezani. Uimbeni huo wimbo mlioutupa, niusikie."

Basi tukauimba. Mimi siwezi kuimba, na Berna hajui kuimba kwa mdomo, anaimba kwa pua tu. Tulianza chini mno, tukaanza upya. Mwanamke ndani ya gari, namba, mgeni anapokea. Maneno mengine alikuwa nayo yeye, mengine mimi, tukawa tunapokezana, na kiitikio kilipofika mwisho sauti zetu mbili mbovu zikapanda na kubaki juu. Gordie alikuwa ametazama buti zake. Rosalba alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini, ameishika kifuani.

Ubeti wa pili ndipo tulipokwama. Ule ambao mgeni anamweleza mwanamke vyumba. Nilikuwa na mstari mmoja wa jikoni. Berna alikuwa na nusu ya mstari wa ngazi. Tulijaribu mara tatu. Tuliusikia siku mbili tu, na tulidhani tutausikia maisha yetu yote, kwa hiyo hatukuushika.

"Halafu?" akasema Rosalba. "Mgeni akamwambia nini?"

"Hatujui," nikasema. Nikalia sasa, sikujali.

Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetusamehe pia, si siku ile. Gordie alitoa barua yake kwenye bahasha, ile ya kudai majina, akaigeuza upande mweupe. Akatuambia tuseme pole pole. Akaandika maneno yote tuliyokumbuka, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake mzuri wa posta, na alipofika ubeti wa pili akaandika mstari wangu wa jikoni na nusu ya ngazi ya Berna, kisha akaacha nafasi ya mistari sita. Chini Berna na mimi tukaandika majina yetu kamili na anwani ya saluni, na kwamba tulidanganya kwenye kisanduku, na sababu. Rosalba naye akaandika jina lake ingawa hakuwa mmoja wa kumi. Alisema yeye ni wa kumi na moja, na anautaka.

Karatasi ile, ikiwa na jina la Tam kwenye bahasha, iliondoka mjini ndani ya mkoba wa Gordie mwenyewe. Sasa ni Aprili na barafu ya ziwani imeanza kupasuka. Kila siku, kama saa tano hivi, Gordie akikunja kona ya mtaa wetu na barua, Berna anazima dreya, hata mteja akiwa chini yake. Gordie anachungulia dirishani, anatikisa kichwa, anaendelea na mtaa.